Ukimya Ndio Dawa ya Kwanza: Kuokoa Mitambo ya DJ Iliyomwagikiwa Kinywaji

Msafiri atokaye Bukavu kwa barabara ya taifa nambari 5, akateremka miteremko ya Ngomo huku ukuta wa mlima ukiwa upande wake mmoja na bonde la kutisha upande wa pili, hufika hatimaye Kamanyola, mahali ambapo baridi ya ziwa Kivu husahaulika na joto la uwanda wa Ruzizi hushika hatamu. Na ikiwa siku yenyewe ni Jumamosi, na nchi imetulia kiasi cha watu kuoana, basi kabla hajaliona soko wala njia iendayo mpakani Bugarama, sauti ya bafle, yaani spika kubwa, itakuwa imekwisha kumpokea.

Jina la mji huu lilivuma katika Kongo nzima kwa habari ya vita, maana mapigano ya Juni 1964 yaliyofanyika hapa yaligeuzwa na Mobutu kuwa fahari ya utawala wake, hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa mwaka 1994, ukapewa jina la Kamanyola, usiitwe Uwanja wa Mashahidi mpaka mwaka 1997. Wala vita havijawa hadithi ya zamani: tangu Februari 2025, vilipoingia Bukavu na kuteremka hadi uwandani, sherehe zimepungua na safari za usiku zimekuwa za hofu. Hata hivyo watu hawajaacha kuoana, kubatiza watoto, kuondoa matanga, na kuwashangilia kwa poda nyeupe vijana waliofaulu mtihani wa taifa. Na katika kila mkusanyiko wa namna hiyo, pembeni mwa ukumbi au chini ya turubai, yuko kijana aliyesimama nyuma ya meza iliyojaa nyaya, ambaye furaha ya watu wote imewekwa mikononi mwake.

Kijana huyo ndiye DJ, na mitambo yake ndiyo rasilimali yake yote. Mikisa, vichezeshi viwili, ampli, bafle, kompyuta na, kwa kuwa umeme wa gridi hauna ahadi, jenereta ndogo: hivyo vyote amevikusanya kimoja kimoja, kwa zamu yake ya likelemba (mchezo wa kuchangiana fedha), kwa mkopo wa shangazi, kwa ujira wa arusi zilizotangulia, akivinunua aghalabu vikiwa vimekwisha kutumika, Bukavu au Uvira, au vikiletwa na wafanyabiashara waendao Dubai. Chombo kimoja kikifa hakuna bima ya kukilipa, wala duka la jirani la kukipata kingine kabla ya Jumamosi ijayo. Kwa hiyo glasi ya bia ikipinduka juu ya mikisa yake, watu walioko uwanjani huona tukio la dakika moja, ilhali yeye huona riziki ya miezi ikizama katika matundu ya chombo.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi chombo hicho kinavyoweza kuokolewa, maana mara nyingi huokoka. Tena ni kuonyesha kwamba wokovu wake hauko mikononi mwa DJ na fundi peke yao, bali huanza kwa wenye sherehe, wakikubali jambo moja lililo zito kuliko yote siku ya furaha, yaani kukaa kimya.

Chupa ya shukrani

Ifahamike kwanza kwamba msiba huu hauletwi na uadui, na mara nyingi hauletwi hata na ulevi. Aliyefurahishwa na wimbo huinuka, noti katika mkono mmoja na chupa katika mkono wa pili, akaenda kumtunza DJ mezani pake. Baba wa bwana arusi huamuru kijana apelekewe Primus ya baridi kwa kuwa amesimama tangu adhuhuri. Shangazi husogea kuomba wimbo wa ujana wake, na ili aweze kunong'ona karibu na sikio huitua glasi yake ya Fanta mahali pa kwanza palipo tambarare, napo ni juu ya mashine. Hata chupa isipopinduka, joto la uwanda huifanya itoe jasho pande zote, na matone yake huteremka polepole hadi kwenye nafasi za vitelezi vya sauti.

Huo ni ukarimu, na ukarimu haukataliki kwa ukali. DJ akimwambia mzee aondoe chupa yake, ameonekana hana adabu. Akiipokea, hana pa kuiweka. Ndiyo maana mabingwa wa kazi hii huja na meza ndogo ya pili, fupi kuliko ile ya mitambo, wakaiweka nyuma yao au ubavuni, ili kila kinywaji cha heshima kipokelewe kwa mikono miwili na kuteremshwa huko. Maana kinywaji kilichoko chini ya mashine hakiwezi kupanda, na kilichoko juu yake kitashuka siku moja, leo au mwakani.

Maadui wawili, kila mmoja na muda wake

Ili tujue la kufanya, yatupasa kwanza tujue kinachotendeka ndani. Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Yanayoufungulia njia ni chumvi na asidi zilizoyeyuka ndani yake, na vinywaji vyetu vimejaa vitu hivyo. Soda ya kola ina asidi ya fosforasi, na uchachu wake hufika pH 2.5 hivi, katika kipimo ambacho 7 ndiyo kati kwa kati. Bia huwa karibu na 4. Juisi ya matunda hukaa baina ya hizo mbili. Kinywaji cha namna hiyo kikitandaa juu ya kibao cha saketi ambamo umeme ungali unapita, metali ya njia moja huanza kuyeyuka, ikasafiri ndani ya kimiminika, ikaganda kwenye njia ya jirani, na kwa kuganda huko huotesha vitawi vyembamba visivyoonekana kwa jicho, ambavyo vikikutana huunganisha mahali palipotengwa kwa makusudi na waliounda chombo. Haihitajiki nguvu kubwa ya umeme kwa kazi hiyo: volti 5 zatosha, na muda wake ni wa dakika.

Huyo ndiye adui wa kwanza, naye huishi kwa umeme. Ukikatwa umeme, amekufa palepale. Adui wa pili ni mtaratibu. Ni sukari, uchachu na utomvu wa nafaka unaobaki baada ya maji kukauka: sukari hunata kwenye vitufe na vitelezi, ikavuta unyevu wa hewa kila msimu wa mvua unaporudi, na asidi hula miguu ya vipuri mpaka ikaota ukungu wa kijani na mweupe. Huyu muda wake ni wa siku na majuma, na huwadanganya wengi, kwa sababu chombo alichokiingia huweza kuimba vizuri Jumapili, kikakwaruza Jumatano, na kufa kabisa mwezi ujao, wakati kila mtu amekwisha kusahau ile glasi.

Kwa hiyo vinywaji havilingani kwa madhara. Maji ya kunywa ndiyo mepesi kuliko vyote. Bia isiyo na sukari nyingi hufuata. Soda, mvinyo mtamu na chai ya maziwa ni vizito. Na pombe zetu za kienyeji, kasiksi ya ndizi na mandale ya mahindi, huacha mashapo ambayo yasiposafishwa hubaki ndani daima.

Pupa

Sasa tutazame kinachotokea ukumbini. Glasi imepinduka, muziki umekatika au umeanza kukwaruza, na watu mia mbili wamegeuka kutazama upande mmoja. Wasindikizaji wa bibi arusi wamesimama katikati ya hatua za ngoma. Protokole, msimamizi wa wageni, anakuja mbio. Mjomba anauliza kwa sauti kuu kama huyu kijana ameshindwa kazi. Katika hali hiyo DJ, kwa haya na kwa hofu ya ujira wake, hufuta juu kwa kitambaa, akabonyeza swichi kuona kama chombo kingali hai, na kikiwaka hurudisha sauti, akamshukuru Mungu. Kumbe wakati huohuo, chini ya kitambaa kilichofuta juu tu, vile vitawi vya metali vinaota.

Nimezungumza na mafundi wa uwanda huu na wa Bukavu, na jambo moja nimelisikia kwao wote bila tofauti: vyombo wanavyoshindwa kuvifufua ni nadra kuuawa na kinywaji chenyewe, vimeuawa na mtu aliyeviwasha mapema. Chombo kilichozimwa mara moja na kuletwa kikiwa bado kimelowa kina matumaini makubwa kuliko kile kilicholetwa kikavu baada ya kulazimishwa kuimba hadi alfajiri. Pupa ya dakika tano huharibu kazi ambayo subira ya siku tatu ingeiponya.

Yapasayo kutendwa palepale

La kwanza ni kukata umeme, na kukata maana yake ni kuuondoa kabisa, maana mashine nyingi za siku hizi zikizimwa kwa kitufe husinzia tu, umeme ungali ndani. Ikiwa mkono umelowa au kinywaji kimefika kwenye soketi, mtu asiguse plagi. Azime kwenye swichi kuu au jenereta yenyewe, ndipo achomoe. Akipata nafasi, aizime ampli kabla ya mikisa ili bafle zisipigwe na mshindo. Lakini baina ya mshindo na kuchelewa, mshindo ni nafuu.

La pili ni kuchomoa kila kitu, nyaya za sauti, flashi na maikrofoni, kisha kufyonza kwa kitambaa kinachonyonya, bila kusugua, kwa kuwa kusugua huyasukuma maji ndani ya nafasi za vitelezi. Baada ya hapo chombo kiinamishwe au kipinduliwe kwa utaratibu, upande ulioingia maji uelekee chini, ili yatoke kwa njia yaliyopitia. Kisitikiswe, kwa maana mtikiso huyatawanya hadi mahali ambapo hayakuwa yamefika.

Kompyuta mpakato ina sharti lake. Izimwe kwa kukibana kitufe cha umeme mpaka ife, ichomolewe chaja, betri itolewe ikiwa inatoka, kisha ifunguliwe nusu na kulazwa kifudifudi kingo zikiwa juu ya meza, vitufe vikitazama chini. Betri za lithiamu zina hatari ya moto: ikionekana inavimba, inapata joto au inatoa harufu, ipelekwe nje penye mchanga, mbali na watu, wala isichajiwe tena.

La tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni kutojaribu. Asijaribu DJ, asijaribu rafiki yake ajuaye umeme kidogo, asijaribu mwenye ukumbi. Chombo kifungwe katika kitambaa kikavu na kupelekwa kwa fundi usiku uleule au asubuhi yake, kabla sukari haijakauka.

Mezani kwa fundi

Karakana ya fundi niliyemtembelea Kamanyola ni chumba kimoja cha mbao chenye dirisha kubwa, na juu ya meza kulikuwa na mikisa ya njia nne iliyomwagikiwa Fanta katika arusi. Kijana mwenye chombo alikuwa ameketi kando, mikono katikati ya magoti.

"Papa fundi," alisema, "niliiwasha kidogo tu, nione kama bado inaimba."

"Hiyo kidogo, mwanangu, ndiyo iliyoichoma," akajibu fundi bila ukali, akaendelea na kazi.

Kabla ya kufungua alipiga picha kwa simu, na kila alipoondoa kipande alipiga nyingine. Skrubu za kila upande aliziweka katika kizibo chake cha chupa ya bia, vizibo vikiwa vimepangwa mezani kwa mfuatano wa mashine ilivyokuwa, ili fupi isije ikarudi mahali pa ndefu. Vifundo vya kuzungusha alivichomoa kwa vidole viwili, akavitia katika bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Alipouinua uso wa chuma, njia aliyopita adui ikawa wazi: chini ya kitelezi cha mwisho, kile cha kuvukia kutoka wimbo huu kwenda ule, palikuwa na utando wa rangi ya asali, mkavu upande wa nje na bado ukinata katikati, na pembezoni mwake miguu ya vipuri viwili imeota ukungu wa kijani. Kando kidogo, njia moja ya shaba nyembamba kuliko unywele ilikuwa imekatika na kuacha doa jeusi. Doa hilo ndilo alama ya ile "kidogo" ya kijana.

Hapa pana elimu ambayo ningependa isambae. Wengi hukimbilia alkoholi, na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi ni dawa nzuri ya kuondoa mafuta na kufukuza maji. Lakini sukari haiyeyuki ndani yake ila kwa shida sana. Anayeosha soda kwa alkoholi peke yake huisogeza sukari huku na huku, isitoke. Sukari hutolewa kwa maji, na maji yenyewe yawe yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari, mnunuzi akihakikisha kwa macho na kwa kuuliza kwamba hakupewa asidi ya betri, ambayo huuzwa dukani mulemule. Fundi wangu aliyapasha moto kidogo, akayapaka kwa mswaki laini mara baada ya mara, akikinga kwa kitambaa, mpaka kibao kikaacha kunata. Kisha ndipo akamwagia alkoholi ili iyafukuze maji yaliyojificha chini ya vipuri, madirisha yakiwa wazi na jiko la makaa likiwa limetolewa nje, kwa sababu mvuke wa alkoholi hushika moto.

Si kila kitu huoshwa. Kioo cha kuonyeshea maandishi hakitiwi maji, kwa kuwa yakiingia nyuma yake hubaki mawingu daima. Mota za kichezeshi na jicho la mwanga linalosoma sidii hupanguswa tu. Vitelezi vyenyewe vina utepe wa kaboni na grisi maalumu, na alkoholi ikiiondoa grisi hiyo kitelezi huwa kizito na kukwaruza. Kwa hiyo hutiwa dawa ya swichi yenye ulainishi ndani yake, au hubadilishwa, maana kile cha kuvukia kimetengenezwa kwa mikisa nyingi kiwe rahisi kutoa na kutia. Mafuta ya kulegezea bawaba za milango hayafai hapa, wala kanyanga, pombe kali ya kienyeji, haiwezi kushika mahali pa alkoholi safi, kwa kuwa ina maji na uchafu ulioletwa na mapipa.

Tena kuna hatari kwa fundi mwenyewe. Katika vyombo vingi umeme wa volti 220 ukiingia hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja wa zaidi ya volti 300, ukahifadhiwa katika kapasita kubwa ambayo huweza kubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo mwenye busara husubiri, akapima kwa mita, ndipo atie mkono.

Baada ya kuosha alikausha, na kukausha huko kulichukua siku mbili kivulini mbele ya pangaboi. Hatimaye aliunga njia iliyokatika kwa uzi wa shaba, kisha hakuchomeka mikisa moja kwa moja ukutani: aliunganisha kwanza na globu ya zamani ya wati 60 katika mfuatano, ili kama ndani kungali na hitilafu, globu iwake sana na kuumeza umeme badala ya chombo. Globu iliwaka kidogo, ikafifia. Kijana alisimama. Fundi akajaribu kila kitelezi kwa hedifoni zilizolazwa mezani, si masikioni, kisha ndipo akaruhusu bafle. Kwa ampli iliyolowa huongeza hatua moja, kupima kama kuna umeme wa mkondo mmoja kwenye matokeo yake, kwa kuwa umeme huo huunguza bafle kimya kimya.

Mchele na jua

Uwanda wa Ruzizi una mashamba ya mpunga na pia una miwa, ile ya Kiliba upande wa Uvira, na huenda ndiyo sababu hapa, zaidi ya kwingine, mtu aliyemwagia soda kwenye simu au mikisa hukimbilia gunia la mchele. Mchele hauvuti maji yaliyofichwa chini ya vipuri kuliko hewa inayopita ivutavyo. Hauondoi chembe hata moja ya sukari. Na fauka ya hayo huingiza vumbi lake la wanga katika nafasi za vitelezi, ambalo likichanganyika na unyevu huwa gundi. Hewa itembeayo ni bora.

Jua kali nalo, ambalo uwanda umejaliwa nalo kwa wingi, hupinda plastiki na kulegeza gundi ya vitufe. Mashine ya kukaushia nywele husukuma maji ndani zaidi na kuchoma palipo karibu. Bafle yenye koni ya karatasi iliyolowa isitiwe alkoholi wala kuguswa kwa vidole; ilazwe uso juu, kivulini, mpaka karatasi irudie ugumu wake. Na ile poda ya furaha ya mtihani, ingawa ni kavu, ikitanda juu ya kitelezi kilichopata tone la bia huwa tope. Kwa hiyo siku ya matokeo mitambo ifunikwe kwanza, ndipo watoto wamwagiwe.

Vyombo vya kale vilistahimili zaidi. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200, iliyotolewa mwaka 1972 na kuboreshwa mwaka 1979, ilikuwa na matundu machache na vipuri vikubwa ambavyo fundi yeyote aliweza kuvishika, hata ilipoachwa kuundwa mwaka 2010 ilidumu kutumika na ikarudishwa kiwandani mwaka 2016. Vichezeshi vya zama hizi vina vipuri vidogo kama punje za chumvi na matundu kila upande. Uwezo wake umeongezeka, na hadhari inayovipasa imeongezeka kwa kiasi kilekile.

Kilichomo ndani kimetoka kwetu

Yuko atakayesema: chombo kikiharibika, kitupwe, kinunuliwe kingine. Maneno hayo husemwa kwa wepesi na asiyejua kilichomo ndani. Katika wilaya ya Kalehe, kaskazini ya Bukavu, huko Nyabibwe na Numbi, watu hushuka mashimoni kwa mikono na tochi kuchimba madini ya bati na koltani. Bati hilo ndilo solda inayoshika miguu ya kila kipuri. Takriban nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia katika solda, na tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vya umeme mwaka 2006, solda ya viwandani imekuwa bati karibu tupu. Koltani hutoa tantali, ambayo hutiwa katika kapasita ndogo zenye uwezo mkubwa. Udongo wa Kivu husafirishwa hadi Asia ukiwa mali ghafi, ukarudi Kivu ukiwa mikisa ambayo kijana wa Kamanyola huilipia kwa akiba ya miaka. Kuitupa shimoni kwa sababu ya glasi moja ya soda ni kuudharau mkono uliochimba na mkono ulionunua kwa wakati mmoja.

Wala Kongo haina haja ya kufundishwa heshima ya kufufua vyombo. Marehemu Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 huko Kinshasa walitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za magari mabovu ili likembe, kinanda cha vidole, isikike juu ya kelele za mji, na sauti waliyoipata, yenye mikwaruzo iliyotokana na vifaa hivyo hivyo, ikasafiri dunia nzima katika albamu ya Congotronics, iliyotolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels mwaka 2004. Watu waliokosa kila kitu waliunda. Sisi tulio na chombo kilicholowa tu, twashindwaje kukiosha?

Mapatano kabla ya sherehe

Basi nawasihi wazazi, wenye kumbi na wasimamizi wa arusi, hapa Kamanyola na kila mahali muziki wa mashine unapochezwa, kwamba siku ya kupatana bei na DJ wapatane pia mambo haya. Meza yake iwe juu ya jukwaa au nyuma ya kamba, na protokole mmoja apewe kazi ya kupokea zawadi na vinywaji kwa niaba yake. Kinywaji chake kiwe na meza yake. Anayeharibu achangie matengenezo, na kiasi chake kitajwe kabla, bila haya, maana deni lililotajwa mapema halivunji undugu. Na juu ya yote, ikitokea ajali, mshereheshaji awe na ruhusa ya kutangaza mapumziko, wala asiwepo mtu wa kumharakisha kijana.

Sherehe haifi kwa hilo. Wazee wetu waliozesha watoto wao kwa ngoma, vigelegele na sauti za wanawake, na hakuna hata mmoja wetu aliye hai leo ambaye bibi zake hawakuchezeshwa namna hiyo. Muziki wa mashine ukinyamaza, waimbaji wa kwaya wapo, ngoma haikosi katika nyumba ya tatu, na mazungumzo ambayo bafle ilikuwa imeyafunika hupata nafasi. DJ mwenye mikisa ndogo ya akiba ataiunganisha na kuendelea. Asiye nayo atafunga nyaya zake na kwenda kwa fundi, na wenye haki watamlipa kwa saa alizofanya kazi.

Furaha ya usiku mmoja ni haki ya wenye arusi, na chombo kinachoileta ni haki ya kijana aliyekifanyia kazi. Jamii inayotaka kuipata ile ya kwanza kila Jumamosi haina budi kuilinda hii ya pili, na gharama ya ulinzi huo ni ndogo mno: ni kumwachia DJ akate umeme, na kuvumilia kimya bila kumlaumu mpaka fundi aseme chombo kiko salama.